Husuni Kubwa na ngome za Kilwa: jinsi ya kupanga safari ukiwa Mtwara au Lindi

Ukimtajia mtu jumba la mfalme lililojengwa juu ya mwamba, linaangalia bahari, lina bwawa lake na ua wa kupokelea wageni, akili yake inaenda Ulaya moja kwa moja, wakati jumba la namna hiyo tunalo wenyewe mkoa wa Lindi, lipo Kilwa Kisiwani na linaitwa Husuni Kubwa, na lina karibu miaka 700 pale juu. Sisi wa Mtwara na Lindi tunapita Nangurukuru kila tukienda Dar, tunashuka tunanunua maji na korosho, tunapanda basi tunaendelea, alafu meli za watalii zinatoka mbali huko kuja kuliona. Inaniuma kwa kweli, ndo maana nimeamua kuandika namna ya kwenda vizuri, maana wengi wanaokwenda bila mpango wanaishia kuona ngome inayoitwa Gereza na msikiti, jua linawachoma, maji yanatoka, wanarudi Kilwa Masoko, mji wa bara unakopandia boti, bila kupanda Husuni kabisa.

Kama una siku moja tu na upo Mtwara mjini, Kilwa iache kwa sasa, nenda Mikindani, ni kama kilomita 10 tu na daladala zipo. Pale kuna Boma la Wajerumani, lilijengwa 1895, limekaa kwenye mteremko wa kilima juu ya mji, jeupe, lina mnara na unaona ghuba yote ya Mikindani mpaka mdomoni. Lilikarabatiwa likafanywa hoteli kwahiyo piga simu kwanza au fika mapokezi uombe kuingia, usipite tu getini. Panda asubuhi au jioni jua likipoa, na ukishuka tembea mitaa ya chini yenye nyumba za zamani, maana mji ule ni mkongwe kuliko boma lenyewe, David Livingstone alipita hapo 1866 akianza safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Hiyo ni nusu siku safi kabisa. Ila anayetaka kuona kitu kikubwa ajipange kwa Kilwa.

HATUA YA 1: Anza na bahari, basi baadaye

Hapa ndo wengi wanakosea. Wanachagua siku kwa kuangalia likizo au wikiendi, wanakata tiketi, wakifika Masoko ndo wanauliza habari za maji. Geuza huo mpango. Kilwa Kisiwani ni kisiwa na bahari yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, pale ulipoona boti inaelea asubuhi ukirudi mchana unakuta tope na mikoko tu.

Kanuni ni hii na wavuvi wa pwani yote wanaijua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za kiislamu na siku zinazofuatia, ni bamvua, maji yanajaa sana alfajiri na alasiri kama saa kumi kumi hivi na yanakupwa kabisa saa nne asubuhi, saa ambayo wewe mgeni ndo unataka kuwa kwenye boti. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika 50. Kwahiyo ukihesabu mpaka tarehe 6, 7, 8 au 21, 22, 23 za mwezi mwandamo unakuta ni maji mafu, bahari inajaa asubuhi kuanzia saa tatu nne hivi na haishuki sana mchana. Hizo ndo siku zako. Kwa Kisiwani pekee yake unaweza kwenda siku yoyote kwasababu ni karibu, kama kilomita 2 tu kutoka Masoko, ila kama una mpango wa kufika na Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu kusini zaidi, basi siku za maji mafu nakusisitiza sana, kule boti inapita kwenye mikoko na maji yakikupwa unatembea kwenye tope umbali wa kutosha huku umebeba viatu mkononi.

Msimu nao uangalie. Masika kuanzia Machi mpaka Mei sikushauri, mvua za huku zinakata barabara, wote tunakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya na ile barabara ya Somanga ilivyokatika magari yakalala njiani. Juni mpaka Agosti hali ya hewa ni ya baridi kidogo na nzuri kutembea lakini kusi linavuma, mchana bahari inachafuka, kwahiyo unavuka mapema na kurudi mapema. Kwa maoni yangu Septemba mpaka Novemba ndo wakati bora kuliko yote, bahari imetulia, majani yamekauka kwahiyo magofu yanaonekana vizuri, na kwa wenye mashamba hela za korosho zinaanza kuingia. Desemba mpaka Februari inawezekana ila joto ni kali haswa.

Mwezi wa Ramadhani unaweza kwenda, hakuna anayekukataza, ila ujue kisiwa kizima wamefunga, chakula cha mchana hutopata na siyo vizuri kula na kunywa mbele za watu kijijini.

HATUA YA 2: Siku ngapi

Usiku mbili, zilale Kilwa Masoko. Siku ya kwanza kusafiri na kushughulikia kibali, siku ya pili kisiwani, siku ya tatu kurudi. Ukitaka Songo Mnara ongeza siku moja, usijaribu kubana Kisiwani na Songo Mnara kwenye siku moja maana utaona vyote nusu nusu. Na wale wanaosema watatoka Lindi alfajiri warudi usiku huo huo, inawezekana ukiwa na gari binafsi lakini utakuwa unakimbizana na muda mwanzo mwisho, na lile jumba linataka utulivu.

HATUA YA 3: Kufika

Panda basi lolote la Dar, mwambie konda mapema unashuka Nangurukuru. Kutoka Mtwara mpaka pale ni kama kilomita 250, kutoka Lindi ni kama 150, lami yote. Kata basi la asubuhi kabisa ili ufike mchana ofisi zikiwa wazi. Kutoka Nangurukuru mpaka Masoko ni kama kilomita 30, kuna haisi na Noah zinajaza pale pale njia panda, na ukiwa kundi la watu wanne watano mnaweza kukodi bajaji au taxi mkaenda bila kusubiri ijae. Hakikisha dereva anaenda Masoko na siyo Kivinje, ni miji miwili tofauti ingawa yote inaitwa Kilwa na yote ipo upande huo huo wa barabara.

Gesti Masoko zipo za kila aina, za bei ya kawaida mjini karibu na soko na zile za ufukweni upande wa Jimbizi ambazo ni ghali zaidi. Uliza kuhusu neti na maji ya bomba kabla hujalipa.

HATUA YA 4: Kibali, hela na vitambulisho

Huwezi kuvuka ukaanza kuzunguka magofu bila kibali. Eneo lile ni urithi wa dunia, UNESCO waliliandikisha 1981 pamoja na Songo Mnara, na sasa hivi linasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ofisi ipo Masoko, nenda siku ya kwanza mchana ukimalize, usisubiri asubuhi ya kuvuka. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni kutoka nje, kwahiyo beba kitambulisho cha NIDA au kingine kinachoonyesha uraia, na wanafunzi wabebe vya shule au barua ya shule. Malipo ya serikali yanaenda kwa kontroo namba, unalipia kwa simu, kwahiyo weka salio la kutosha kwenye simu kabla hujafika na risiti usiifute.

Pale pale ofisini omba mtembeza wageni. Najua wengi mnaona ni gharama ya bure, lakini magofu yale hayana vibao vya kukueleza kila chumba, bila mtu wa kukuelezea utaona kuta na nyasi. Mpe kipaumbele mwenyeji wa kisiwani, anajua njia, anajua makaburi ya kuheshimu na hela inabaki kijijini.

Hela taslimu beba pia, noti ndogo ndogo, kwa ajili ya boti, maji na chakula kisiwani.

HATUA YA 5: Boti

Kuna aina mbili. Boti za abiria ambazo wanakijiji wanapanda, bei ndogo, inaondoka ikijaa, na boti ya kukodi ambayo inakusubiri siku nzima. Ukiwa peke yako ile ya abiria inatosha, ukiwa na familia au kundi kodi. Mkubaliane bei ya kwenda na kurudi na muda wa kurudi kabla hujakanyaga boti, na hela yote usitoe mpaka umerudi Masoko. Dau la tanga ni zuri na raha yake haielezeki ila linategemea upepo, ukiwa na watoto au muda mfupi chukua ya injini.

Uliza makoti ya kujiokolea, na uyaone kwa macho yako siyo kuambiwa yapo. Boti ikizidi watu shuka subiri nyingine. Na nahodha akikwambia upepo leo haufai, msikilize, huyo anaijua ile bahari toka mtoto.

HATUA YA 6: Panda Husuni kwanza

Hili ndo jambo ambalo naliamini kuliko yote kwenye huu mwongozo. Boti inakushusha karibu na Gereza, kwahiyo mzunguko wa kawaida unaanza Gereza, unaenda Msikiti Mkuu, unazunguka makaburi na jumba la Makutani, alafu mwisho kabisa saa sita saba za jua kali ndo unaambiwa sasa twende Husuni, ni zaidi ya kilomita moja kwa mguu upande wa mashariki, na hapo watu wameshachoka, wengine wanasema tuache. Mwombe anayewatembeza mgeuze. Vuka saa moja asubuhi, ukishuka tu salimia wazee mnaowakuta, pita kijijini, shika njia ya Husuni moja kwa moja wakati bado kuna ubaridi. Kama mna mzee au mtu asiyeweza kutembea, zungumza na nahodha toka jana yake kama maji yataruhusu boti isogee upande wa Husuni, au uliza usafiri wa pale kisiwani.

Ukifika usikimbilie kupiga picha. Simama kwanza ukingoni kabisa kaskazini uangalie bahari, utaelewa kwanini mwenye jumba alichagua pale, kila chombo kinachoingia bandarini kilikuwa kinaonekana. Aliyejenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilikuwa inapita mikononi mwa Kilwa kwenda Arabuni, Uajemi na India, na jina lake lilikutwa limechongwa kwenye jiwe hapo hapo jumbani. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akamkuta yeye ndo anatawala na akamsifia kwa ukarimu wake kwa masikini.

Jumba lina vyumba zaidi ya 100. Anza upande wa baharini ambako ndo alikuwa anaishi, tafuta lile bwawa la pembe nane, lipo mpaka leo na kingo zake zinaonekana vizuri sana, alafu nenda kwenye ua wenye ngazi za kukalia ambapo watu walikuwa wanakutana naye, na mwisho ua mkubwa wa kusini uliozungukwa na vyumba vingi vya kuhifadhia bidhaa. Yaani mtu alikuwa na ikulu, baraza na maghala sehemu moja.

Sasa angalia upana wa vyumba, ni vyembamba, virefu, kila nyumba ya mawe ya zamani pwani hii ipo hivyo. Sababu ni boriti, dari lilibebwa na miti ya mikoko na mti wa mkoko hauvuki zaidi ya kama mita mbili na nusu au tatu, kwahiyo hata sultani mwenye dhahabu zote zile chumba chake kilipimwa na mkoko. Ukuta ni matumbawe na chokaa, na chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Angalia pia vidaka ukutani na mabaki ya matao. Wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Neville Chittick walifanya kazi hapa miaka ya 1960 na ndo mengi tunayoyajua yalitoka kwao, na wanasema jumba linaonekana halikumalizika kujengwa.

Karibu yake, ng'ambo ya kikorongo kidogo, kuna Husuni Ndogo, ni ukuta mnene wa mstatili wenye minara, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ulikuwa wa kazi gani. Pitia, haichukui muda.

Usipande juu ya kuta. Tafadhali sana. Chokaa ile ni ya miaka 700, jiwe moja likichomoka hakuna wa kulirudisha, na vigae na sarafu ukiviona chini viache hapo hapo umwambie anayekutembeza. Sarafu za shaba za Kilwa zimekutwa mpaka Great Zimbabwe na mpaka visiwa vya kaskazini mwa Australia, kwahiyo kipande kidogo unachoona takataka kinaweza kuwa na habari kubwa, na kikishatoka mahali pake habari yote inapotea.

HATUA YA 7: Rudi chini kwenye mji

Ukirudi kutoka Husuni inakuwa kama saa nne hivi au tano, sasa ndo ingia Msikiti Mkuu, na hapo kuna kivuli cha kuba kwahiyo jua halikusumbui sana. Sehemu ya kaskazini ndo kongwe, inaanzia karne ya 11, hii nyingine kubwa yenye nguzo na kuba iliongezwa baadaye. Kaa chini humo ndani, tulia, dakika kumi usiongee. Vua viatu kama unaambiwa uvue, na wadada mbebe kanga ya kujitanda, akina kaka suruali au kikoi, siyo kaptura, hiki ni kijiji cha waislamu na watu wanaishi hapo, wanalima hapo na kuzika hapo. Picha za watu omba ruhusa kwanza.

Msikiti mdogo wa kuba upo jirani, wa karne ya 15, na ndo umebaki mzima kuliko majengo mengi pale. Makutani, jumba lingine lenye ukuta, ni la baadaye sana, karne ya 18, pita uangalie kuta zake upande wa baharini.

Malizia na Gereza kwasababu lipo pale pale boti ilipo. Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliiteka Kilwa 1505, wakajenga ngome hapo, wakaondoka 1512, na hili jengo unaloliona sehemu kubwa ni la Waomani waliolijenga upya kwenye miaka ya 1800 mwanzoni. Lina minara ya duara kwenye kona na bahari ilishakula upande wake mmoja. Mawimbi na kukatwa kwa mikoko ndo yalifanya Kilwa iwekwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikatolewa 2014 baada ya kuta kukarabatiwa, ukuta wa kuzuia bahari kujengwa na mikoko kupandwa. Ukiona miche ya mikoko usiikanyage wakati wa kupanda boti.

VYA KUBEBA

Maji lita mbili kila mtu, siyo chini ya hapo. Raba zilizofunga mguu, kandambili weka kwenye begi kwa ajili ya kushuka majini. Kofia, pawabenki, mfuko usioingiza maji kwa simu, dawa ya mbu, na kitu cha kutafuna, mi nabeba korosho na ming'oko iliyochemshwa kama ni msimu wake. Chakula cha mchana unaweza kuagiza kijijini kupitia kwa anayekutembeza, wali wa nazi na samaki au pweza, ila uagize asubuhi ukishuka ili wapike, ukiuliza saa saba utaambiwa hakuna na ni haki yao. Taka zako zote rudi nazo Masoko.

SONGO MNARA, kwa wenye siku ya ziada

Ni kusini zaidi, boti ya injini saa moja na zaidi, pita katikati ya visiwa na mikoko. Mji wote wa karne ya 14 na 15 upo, nyumba, misikiti, makaburi na ukuta uliouzunguka, na siku nyingi unakuwa peke yako na wenyeji tu. Nyumba zake zimesimama vizuri, milango na vidaka vinaonekana kuliko Kisiwani. Kibali chake sema mapema pale ofisini usije ukaambiwa umelipia Kisiwani tu. Saa ya kuondoka mwachie nahodha aamue kwa maji.

KURUDI

Siku ya tatu toka Masoko asubuhi. Kama una masaa mawili pitia Kilwa Kivinje, ni njiani ukiingia ndani kidogo, mji wa karne ya 19 wenye boma la Wajerumani linalobomoka na Mwembe Kinyonga, mahali walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya 1895 kwa kuwapinga. Watoto wa shule wakipelekwa Kilwa wapitishwe hapo pia. Alafu nenda Nangurukuru usubiri basi la Kusini, yale yaliyotoka Dar alfajiri yanapita pale mchana, ila Ijumaa na siku za kuelekea sikukuu yanakuja yamejaa, kwahiyo piga simu kwa wakala ushike siti toka siku moja kabla, na uwe umesimama barabarani kabla ya saa tano.